Milimita Mia

Jumanne, 4 Machi

Nimepoteza boriti. Leo asubuhi, kabla ya chai. Boriti ya pili ya daraja la waenda kwa miguu, lile la kuvuka mfereji kuelekea shuleni. Ilitakiwa iwe milimita 9,600. Ipo 9,500. Mia imekwenda — upana wa kiganja changu pamoja na kidole gumba. Nimepima kichwa hadi mkia, mkia hadi kichwa. Chuma hakioni haya, hakikuongezeka hata unywele.

Na kilichonishtua si boriti yenyewe. Ni kipande kilichobaki. Chuma kilikuja na mita kumi na mbili. Toa 9,600, toa tatu zinazoliwa na moto wa gesi, unabaki na 2,397. Nilikipita pale sakafuni nikakiona kirefu. Kirefu kidogo tu, kama mtoto aliyerefuka likizo. Nikavuta tepu. 2,497.

Sisi hapa tunaanzia mia. Tepu za karakana hazikai, kulabu ya mwanzo inachakaa, inacheza, inadanganya milimita mbili tatu. Kwa hiyo mmoja anashika kwenye alama ya mia ukingoni, mwingine anasoma huku mbele na kuongeza mia. Unataka 9,600, unaweka chaki kwenye 9,700. Mtoto wa shule ya awali anaweza. Mimi nilijifunza hivyo, nikamfundisha mdogo wangu hivyo, miaka yote hajakosea.

Leo mzee Kimya alishika mkia wa tepu. Mdogo wangu alisoma, akapiga chaki, akakata mwenyewe.

Nami nilikuwa mlangoni nikimtazama akikata! Hilo ndilo linaloniuma. Jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, vijiti vya mwanga vimesimama kila mahali, na moshi unavipitia polepole. Cheche zikimwagika chini kama nafaka. Nikajisemea, hii ni karakana yangu. Nikasahau hata kikombe mkononi. Wakati huohuo boriti yangu ilikuwa inakufa.

Jumatano, 5 Machi

Nilimpigia mhandisi wa daraja jana hiyohiyo. Sikungoja aje aione mwenyewe. Ukificha ugonjwa, kilio kitakuumbua.

Amekuja asubuhi. Binti mdogo kwa umri, mkubwa kwa msimamo. Hakugomba. Alikaa juu ya boriti kama mtu aliyekaa kwenye benchi la bustani, akachora kwenye karatasi gotini. Akasema kuongeza mia mwishoni haiwezekani, kiungo kitakaa juu ya kitako cha zege na karibu na matundu ya bolti, mahali ambapo hakiruhusiwi. Kiungo kisogezwe ndani. Yaani tukate tena mia tano, kisha tuunganishe kipande kizima cha mia sita kutoka chuma kilekile.

Kukata ili kurefusha. Nimelitafakari neno hilo siku nzima.

Kimya akauliza ni kinyozi gani huyu anayerefusha nywele kwa wembe. (Kimya ni fundi wetu wa siku nyingi. Anaitwa Kimya kwa sababu hanyamazi.) Hata mhandisi alicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa anaangalia nje, kule barabarani, na uso wa mtu anayesikiliza wimbo nyumba ya pili.

Masharti: kiungo kichomelewe na mwenye cheti. Hapa mwenye cheti ni mmoja tu, mdogo wangu. Mhandisi atarudi na mashine ile inayosikiliza chuma kwa ndani. Kukiwa na tundu hata la punje ya mtama, boriti ni chakavu.

Alipoondoka nikamuuliza mdogo wangu kulikoni. Akasema, "Nimekosea, dada." Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku sikumlaumu mdogo wangu. Nilimlaumu Kimya. Mzee ameshika sifuri badala ya mia, nikasema, mdomo ulikuwa kazini na mkono ukasinzia. Asubuhi nikapiga hesabu nikaona aibu. Angeshika sifuri na yule mbele akaongeza mia, boriti ingekuwa ndefu, 9,700. Ndefu unaipunguza, unaendelea na maisha. Imekuwa fupi. Kwa hiyo Kimya alishika mia kama kawaida yake, na aliyesoma ndiye hakuongeza.

Mdogo wangu alisoma kama mtu anayeanzia sifuri.

Nimeketi na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo.

Jioni nikamwambia anipimie nguzo za reli ya kushikia, fupi tu, 1,100 kila moja. Nikajifanya napanga rodi za kuchomelea. Alichukua tepu, akanasisha kulabu ukingoni — sifuri! — akavuta. Halafu kidole kikasita. Akairudisha, akaishika kwenye mia, akaanza upya. Nguzo ya pili, vilevile. Mkono ulikwenda sifuri kwanza, akili ikaufuata kuurudisha nyumbani.

Mkono haujifunzi kitu kwa siku moja. Mkono wake umepata mahali pengine pa kuzoea. Mahali ambapo tepu ni mpya kila wakati na watu wanaiamini kulabu.

Nilipanga rodi zote kwa unene, kisha nikazipanga tena.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekata. Safari hii nimesoma mimi, Kimya ameshika, mdogo wangu amepiga chaki. Tulisema namba kwa sauti wote watatu kama watu wanaokula kiapo.

Alipowasha gesi nikavuta miwani myeusi nikabaki. Ukiwa nyuma ya kioo kile dunia inazimika, panabaki jani moja dogo la moto linalotembea. Linatembea polepole mno. Unasahau kuna mtu nyuma yake. Nikakumbuka mashine yangu ya kwanza, ya kuazima, nikichomelea vitanda na madirisha ya grili uani, na majirani wakisema mwanamke huyu ataunguza macho na hataolewa. Macho ninayo. Hilo la pili walipatia, nami sina malalamiko.

Enzi hizo mdogo wangu alikuwa anafika kiunoni kwangu. Alikuwa anashika taa.

Kipande cha mia tano kilipoanguka kilitoa mlio mzito, kama mlango wa nyumba kubwa ukifungwa mbali. Kimya akasema haya, sasa ni fupi kwelikweli, asije mtu akatuambia tumezembea.

Boriti imebaki 9,000 kamili. Namba nzuri. Inatisha.

Jumapili, 9 Machi

Karakana imefungwa. Nilikwenda hata hivyo, nikakaa ndani peke yangu mchana. Chuma kikipoa na kupata joto la bati kinaongea — ting, halafu kimya kirefu, halafu ting upande wa pili. Nilisinzia kwenye kiti cha turubai. Nikaota boriti zinaelea. Zinapita juu ya nyumba, polepole, taratibu, kila moja na chaki yake, na watu wanazipungia mikono. Mimi nilikuwa natafuta ya kwangu na sikuitambua kwa sababu zote zilikuwa na urefu sawa.

Jioni nikapita kwa mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamsaidia. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba mdogo wangu amechoka, awe anapumzika, kazi mbili si mchezo. Nikasema ndiyo mama, kazi mbili si mchezo. Kama vile najua.

Basi akafunguka. Ni kiwanda kile kipya ng'ambo ya reli. Anakwenda alfajiri kabla ya kuja kwangu, na Ijumaa mchana, ile Ijumaa anayoniambia ana miadi ya meno. Wanamjaribu. Wakimpenda watampa timu yake. Mama anadhani nilijua. Mama alikuwa anafurahi! Akasema, "Wanamwita kwa jina lake kamili, mwanangu."

Nikaokota mawe kwenye mchele. Niliokota mpaka yakaisha, nikaendelea kuokota.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini mbona sihisi kuliwa? Nahisi kama mtu aliyeamka akakuta kitanda kimesogezwa.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja na macho mekundu, akasema vumbi. Nikasema vumbi ni baya.

Niseme sasa? Nikisema leo, akakasirika, akaondoka leo — kiungo hakijachomelewa, mwenye cheti hayupo, daraja halipo, watoto wanaendelea kuruka mfereji. Nisiposema, namtumia mtu huku najua. Napima huku, napima kule. Pande zote fupi.

Sijasema.

Jumatano, 12 Machi

Leo amechomelea. Naandika mikono ikiwa bado inanuka moshi.

Alianza kwa kupasha chuma joto, akipapasa kwa moto pande zote kama mtu anayembembeleza ng'ombe kabla ya kukamua. Kisha akakiweka kile kipande cha mia sita — kimepinda. Nikaona kwa jicho, nikapima, mwisho wake umeinuka milimita mbili. Kimya akanitazama. Mimi nikamtazama mdogo wangu. Akasema kwa upole kwamba moto utavuta, kiache. Nikakiacha.

Halafu ule mwanga. Bluu, mweupe, bluu. Kivuli chake kikawa kikubwa ukutani, kichwa kinagusa paa, mkono mmoja mrefu kama mti. Anapita mstari mmoja, anasimama, anagonga gamba lililoganda juu, anasugua kwa brashi, anatazama, anapita mwingine. Upande huu, kisha anageukia upande wa pili, ili chuma kisivutwe kwa nguvu upande mmoja. Nje mvua ilipita juu ya mabati ikaondoka na sisi hatukuifuata kwa mawazo.

Nilikuwa nimeweka hasira tayari. Nimeibeba toka Jumapili, nzito, imekaa vizuri begani. Sijui iliteleza wapi. Nilikuwa nawaza tu: nani alimfundisha mtoto huyu kuvuta mstari ulionyooka hivi? Nikajijibu, mimi. Halafu nikaona hapana. Huu wa leo siujui. Mimi nachomelea kwa haraka ya mtu aliyekuwa na njaa. Yeye anachomelea kama mtu mwenye muda. Huu ni wa kwake.

Kilipopoa nikaweka uzi kutoka mwisho hadi mwisho. Umenyooka. Zile mbili moto umezila. 9,600.

Nikasema, "Umeweza." Akasema, "Tumeweza." Nikamkatiza nikasema kesho mhandisi anakuja, asichelewe. Kwa nini nilimkatiza? Sijui.

Alhamisi, 13 Machi

Mhandisi amesikiliza. Alipaka mafuta mazito kwenye kiungo, akatembeza kidude kidogo juu yake, macho kwenye kioo cha mashine. Mstari unaruka, unatulia, unaruka. Kimya akauliza kama mashine inaweza kusikiliza na ndoa yake. Mhandisi akajibu bila kuinua kichwa kwamba hiyo hata bila mashine inasikika. Nilicheka mpaka machozi, machozi mengine yakajiunga humohumo.

Hakuna tundu. Hakuna ufa. Safi.

Lakini akainama, akatafuta kando ya kiungo, akauliza namba iko wapi. Kila mchomeleaji mwenye cheti ana namba yake, anaigonga kwenye chuma kwa nyundo na herufi za chuma, kando ya kazi yake. Ni kusema huyu ni mimi, likitokea lolote niulizwe mimi. Pale palikuwa patupu. Mhandisi akasema bila namba boriti haipandi lori. Kreni imeshapangwa Jumamosi.

Nikamtazama mdogo wangu. Akasema ataigonga. Lini? Ataigonga.

Nikaelewa. Namba ile inakwenda na mtu. Akishahamia kule, ni namba ya mtu wa kule, kwenye boriti ya kwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo hakwenda kwa daktari wa meno. Alibaki anafagia, kazi isiyo yake. Nilimwita ofisini. Ofisi ni meza, viti viwili na feni isiyogeuka upande wa kushoto.

Nikasema najua kiwanda. Najua alfajiri. Nikamwambia tepu ndiyo iliyomsema, si mama, nimlinde mama. Akashika kichwa akacheka kidogo, cheko la kuchoka. Akasema alijua nimemwona siku ile ya nguzo.

Nilikuwa na hotuba nzima. Vitanda vya uani, taa aliyonishikia, ada yake ya chuo cha ufundi, macho yangu. Zote zilikuwa zimepangwa kwa unene. Nilipofungua mdomo yakatoka maneno machache.

"Sitaki miadi ya meno. Kesho kreni inakuja saa nne. Kabla ya saa nne uniambie neno moja. Unabaki au unaondoka?"

Akaitikia kwa kichwa. Akatoka. Nilimsikia nje akiokota ufagio, akiendelea palepale alipoachia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani. Ukungu umejaa barabara nzima, taa za magari zinakuja kama watu wenye vibatari. Nimefungua lango mwenyewe. Boriti mbili zimelala sambamba sakafuni, zimepakwa rangi ya kijivu, huwezi kujua ipi iliyokatwa mara mbili. Mimi najua. Nimetembeza kiganja juu yake mpaka nikakiona kiungo kwa vidole. Chini ya rangi ni kama kovu la zamani la mtoto, lile analolisahau mwenyewe.

Kimya amefika, amenisalimu, amenitazama, akaenda zake kuchemsha maji. Leo Kimya amekuwa Kimya.

Baadaye kidogo. Amekuja. Hakwenda kule alfajiri, nguo zake ni safi. Amepita moja kwa moja kwenye boriti, amepiga magoti, amekwangua rangi kidogo na kuanza kugonga. Tarakimu moja, nyingine, nyingine. Kila pigo limepita kwenye chuma chote mpaka kwenye nyayo zangu. Nikasema moyoni, basi, amejibu. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kama mjinga.

Akasimama, akajifuta mikono, akaja mpaka nilipo. Kreni ilikuwa inarudi nyuma kuingia langoni.

"Namba nimegonga kwa sababu kazi ni yangu," akasema. "Hilo silo jibu, dada. Ulitaka neno moja, na mimi nataka moja kwako. Nikibaki, nabaki kama nani?"

Nikasema swali gani hilo, wewe ni mdogo wangu. Akasema hilo alizaliwa nalo, hakulifanyia kazi. Nikasema wewe ni fundi mkuu hapa, nani asiyejua? Akasema, kwa sauti ileile ya kuambia chuma kitulie, kwamba kiwandani wamemwahidi timu na hataki timu. Anataka kujua kama hapa ni pangu mimi, yeye akiwepo tu, au ni petu sisi wawili. Akasema yeye ndiye anayepanda lori kwenda kuifunga boriti. Lori likiwasha injini awe amesikia. Likiwasha kabla hajasikia, ataifunga boriti vizuri, bolti zote, kisha atashukia ng'ambo ya reli, kiwandani.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza, ningepata pa kushika.

Nimekuja ofisini nikasema nafuata karatasi za mzigo. Karatasi ziko mfukoni mwangu. Naandika nikiwa nimesimama.

Petu. Ni herufi nne. Mbona inakuwa nzito kuliko kilo mia nne zinazoning'inia pale nje sasa hivi? Ya kwanza imeshapanda. Inazunguka polepole hewani, ukungu unapita chini yake, Kimya ameshika kamba ya mkia anaiongoza kama mtu anayetembeza punda angani. Nzuri kuitazama. Ningeweza kuitazama mpaka jioni.

Vitanda nilichomelea mimi. Mashine ya kuazima, mimi. Deni nililipa mimi. Kila nikihesabu nafika kwangu. Lakini mstari wa Jumatano si wangu. Nimeutafuta kwenye hesabu zote na hauingii upande wangu.

Ya pili inapanda. Hiyo yetu — hiyo ya pili.

Imetua. Wanafunga minyororo. Mdogo wangu ameshapanda, amekaa nyuma juu ya boriti, hatazami huku.

Jibu, mwanamke. Moja kwa moja, kama ulivyomtaka yeye. Dereva amefungua mlango wake, anakung'uta matope ya viatu, mguu mmoja uko ndani. Una muda wa mguu wa pili.